Amplifaya ya wati 30 kwa bei ya gari: unalipia nini hasa?

Ingia duka lolote la vifaa vya muziki pale Darajani, Unguja mjini, uulizie amplifaya, hujamaliza salamu utamsikia mteja wa pembeni yako anauliza "sheikh, hii wati ngapi?" na muuza hajiumi, anakwambia 2,000, anakwambia 5,000, nshaona boksi limeandikwa 12,000 na kitu chenyewe unakinyanyua kwa mkono mmoja ukatembea nacho mpaka nyumbani. Upande wa pili kuna watu, wachache lakini wapo, Mjini na hata Chake Chake, ndani wana amplifaya ya wati 30 tu, imekuja kwenye kontena au kaja nayo mtu aliyerudi Ulaya, bei yake unapata gari la Japan likatembea, na kuinyanyua mpaka mwite kijana wa jirani. Sasa hapo ndo watu wanapochanganyikiwa, wengine wanasema huyu wa wati 30 kaibiwa, wengine wanasema ana masikio ya ajabu sie hatuna. Ukweli haupo kote kuwili, na kuufika inabidi twende pole pole.

Tuanze na wati za boksi mana hilo jepesi. Kuna wati zinaitwa PMPO, hizi hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa, kila kiwanda kinajipimia kinavyotaka, wengine wanachukua nguvu ya kipande kidogo tu cha sekunde, wanajumlisha spika zote mpaka za mapambo, khalafu wanaandika namba kubwa kwa rangi nyekundu. Wati za kusadiki ni zile mashine inaweza kuzitoa mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi, sauti haijaanza kuharibika, watu huziita RMS na zinaandikwa pamoja na omu zake, yaani kipimo cha vipi spika inauzuia umeme. Ukitaka kumkamata mwongo geuza kitu nyuma usome kile kibati kidogo, kama kinasema inakula wati 80 ukutani basi haiwezi kutoa 12,000 kwenye spika, haijazaliwa mashine inayozaa umeme. Basi hilo tumelimaliza.

Amplifaya yenyewe inafanya nini? Watu wengi wanafikiri sauti inaingia ndogo upande huu inatoka imevimba upande wa pili. Siyo hivo. Ule umeme mdogo unaotoka kwenye CD, kama volti 2, au unaotoka kwenye sindano ya santuri ambao ni vijisehemu vya elfu vya volti, hauendi kwenye spika hata kidogo, wenyewe kazi yake ni kuamrisha tu. Umeme unaosukuma spika unatoka ukutani kwako, unapita kwenye transfoma, unanyooshwa, unakaa kwenye kapasita, na transista zinaufungulia na kuufungia kufuata amri ya ule mdogo. Ifikirie bomba la maji: muziki ni mkono unaofungua koki, maji ni ya kwenye tangi juu ya paa, na mkono hata uwe fundi vipi, tangi likiwa la lita 50 ukiomba maji mengi kwa ghafla yanakatika. Kwa hiyo nusu ya amplifaya nzuri, mie nasema zaidi ya nusu, ni tangi, yaani transfoma na kapasita. Ndo ule uzito. Accuphase ya Japan kwa mfano, kampuni ya tangu 1972, ilitoa amplifaya yao E-650 ambayo imeandikwa wati 30 tu kwa omu 8 na ina kilo kama 25. Chuma na shaba hazidanganyi, kibandiko kinadanganya.

Twende kwenye wati zenyewe sasa, na hapa naomba mtu asikimbilie mbele mana ndo kwenye fundo lote. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), kitu ambacho unakisikia lakini hushtuki. Ili usikie sauti kama imekuwa kubwa mara mbili unataka desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo mtu mwenye wati 100 na mwenye wati 120 hawana tofauti yoyote ya maana, na anayetoa pesa kuhama kutoka 60 kwenda 80 katoa sadaka kwa muuza duka.

Khalafu spika nazo haziko sawa. Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake utakuta imeandikwa desibeli 84, 87, 90, wengine 95 na kupanda, maana yake ukiipa wati moja ukakaa mita moja utapata kelele kiasi hicho. Spika ya 87 ukiipa wati 1 ni 87, wati 2 ni 90, wati 4 ni 93, ukifika wati 100 uko 107. Desibeli 87 mita moja siyo mchezo, kwenye chumba cha kawaida cha Mji Mkongwe ambacho kutoka kochi mpaka spika ni hatua tatu, hiyo wati moja inatosha kabisa mtu asikilize nyimbo jioni nzima na jirani asijue. Ndo maana Nelson Pass, yule mbunifu wa Marekani, kampuni yake moja kaiita First Watt kabisa, hoja yake ni kwamba kama wati ya mwanzo mbaya hizo nyengine za nini.

Basi kwa nini watu wananunua wati 100, 200? Kwa sababu muziki hauendi sawa sawa, una vilele. Chukua taarab ya asili, fidla zinakwenda pole pole, nai inapumua, mashine inatoa wati moja au nusu, mara mpigaji dumbak anapiga "dum" ya katikati au qanuni inakwanyuliwa kwa nguvu, ule mpigo wa nukta moja unaweza kuwa juu ya wastani kwa desibeli 15, 20. Desibeli 20 ni wati mara mia. Wastani wako ukiwa wati 1 kilele kinataka 100, na kinazitaka sasa hivi, kinazitaka kabla hujakopesa jicho. Amplifaya isiyoweza inakikata kile kilele juu kama iliyopigwa panga, mafundi wanaita klipingi, na sikio linakwambia tu "mbona imekuwa kali, mbona inachosha," hulijui jina lake lakini unapunguza sauti. Na kinachounguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyobanwa mpaka mwisho, sio kubwa, mana ule mkato unazaa mawimbi mengi ya juu ambayo yote yanamiminika kwenye twita. Watu wa ngoma za harusi wanalijua hili, twita zinakufa kila mwezi na mwenye mitambo anasema spika za kichina hazifai, kumbe amplifaya imelia masaa matatu.

Linalofuata ni omu. Spika imeandikwa omu 8 lakini hiyo ni wastani wa kuandikia tu, ikipigwa besi fulani inashuka 4, nyengine mpaka 3, na kadiri omu zinavyoshuka ndivyo inavyovuta umeme mwingi. Amplifaya yenye tangi la kweli ikitoa wati 100 kwa omu 8 itatoa karibu 200 kwa omu 4, ya tangi dogo itatoa 120 au itazima kwa joto. Hii ni namba moja ambayo mtu akitaka kujua kama kitu cha ghali kina haki ya kuwa ghali aitazame, wati za omu 8 na za omu 4 zimeandikwa pamoja? Zinakaribia mara mbili? Kama wameandika za omu 4 peke yake, wati za omu 8 huzioni popote, wanakupigia hesabu.

Haya, klasi. Mtu akinunua amplifaya ya maana atasikia klasi A, klasi AB, klasi D na atafikiri ni alama za skuli kwamba A ndo imefaulu. Hazina uhusiano na kufaulu. Klasi A transista zinabaki wazi muda wote hata kama muziki haupigwi, umeme unapita tu unageuka joto, faida yake hakuna pale pa kupokezana kati ya transista ya juu na ya chini ambapo sauti inaweza kuchubuka. AB inaacha wazi kidogo tu halafu ikibanwa zinapokezana, na ikitengenezwa vizuri ule mchubuko huusikii, amplifaya nyingi duniani ni hizi. D inawasha na kuzima transista mara laki kadhaa kwa sekunde na kuchuja baadae, haipotezi joto, zaidi ya asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika, na D yake haimaanishi dijitali ingawa wauza watakuapia, ni herufi tu iliyofuata baada ya C.

Sasa kwa hapa kwetu hebu fikiri klasi A inayokula wati 250 muda wote, imewashwa kaskazi ya Februari, ndani ya chumba jua limekipiga ukuta tangu asubuhi. Ni sawa na umeweka pasi iko juu ya kabati. Masaa manne jioni ni yuniti moja nzima ya Tukuza, ule umeme wetu wa kulipia kabla, hata kama ulikuwa hupigi kitu, khalafu unawasha AC kuondoa joto la amplifaya, na AC inavuma juu ya muziki uliotoa mamilioni kuusikia. Mie siwakatazi watu, zipo nzuri sana, nnasema tu kwa Unguja na Pemba mtu asidharau AB nzuri, wala klasi D za miaka hii sio zile za zamani zilizokuwa zinakwaruza.

Valvu ni mambo mengine. Zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, teknolojia ya tangu Lee de Forest 1906, transista ikaja kuzifukuza baada ya 1947, lakini kwenye muziki wa nyumbani hazijafa. Valvu ya 300B ya Western Electric ya miaka ya 1930 mpaka leo inatengenezwa na ikiwa peke yake kwenye chaneli inatoa wati 8 hivi. Wati 8! Na kuna mtu atauza shamba la karafuu kwa ajili yake. Ukiiwekea spika ya desibeli 96 inaimba vizuri ajabu kwenye sauti za watu, ukiiwekea spika ya 84 inakohoa. Ule utamu wake kisayansi ni uongo mdogo, inaongeza sauti ya oktevu ya juu ambayo haikuwemo kwenye rekodi, sikio linaipenda. Hamna ubaya mtu kupenda, ila asiseme ndo ukweli wa rekodi. Na kama ndani kuna watoto ujue ndani yake mna volti 300, 400 na kupanda, na zinabaki kwenye kapasita hata umeshachomoa plagi, kwa hiyo mtu asifungue kifuniko kwa kutafuta mjusi.

Tofauti inasikika au haisikiki? Hapa ndo pana ugomvi na mie nna upande wangu. Amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zote hazijafika klipingi, zote zinaiweza spika iliyofungwa, ukizisawazisha sauti kwa kupima volti kwenye vituo vya spika, pale nyuma zinapofungwa waya za spika, mpaka tofauti iwe sehemu ya kumi ya desibeli, khalafu mtu asione ipi inapiga, watu wengi mno wanashindwa kuzitambua. Wanasawazisha hivo kwa sababu sikio lina tabia mbovu, kitu kikiwa na sauti kubwa kidogo tu linasema hichi kizuri zaidi, wazi zaidi, na muuza anayejua kazi yake anaiweka ile ghali juu kidogo bila kukwambia. Uchafu wa sauti wa asilimia 0.1 na ule wa 0.001 kwenye karatasi unaonekana umbali wa mbingu na ardhi, kwenye kochi huusikii. Hizo namba ndogo tunazipata kwa sababu ya Harold Black wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1927 alikuwa kwenye boti anakwenda kazini akapata wazo la kurudisha kidogo ya sauti inayotoka kuja kuisahihisha inayoingia, akalichora pale pale juu ya gazeti la New York Times. Sie kwenye boti ya Dar tunatazama sinema na kutapika tu.

Kwa hiyo ghali haina maana? Ina maana, ila siyo pale tangazo linapoiweka. Unalipia kuwa kilele hakikatwi, spika ngumu haiishindi, mashine haivumi ukikaribia, haifi ikifika miaka 20, na fundi anaweza kuifungua akapata kila kitu kina nafasi yake. Vyengine ni sura, vile vioo vya buluu vya McIntosh vyenye sindano zinacheza, mtu anakaa gizani anavitazama, na mie siwezi kumwambia mtu pesa yake isiende kwenye macho. Lakini baada ya kiwango fulani cha bei sauti inasimama, bei inaendelea kupanda peke yake.

Ukitaka kuijaribu amplifaya usichukue rekodi ya majaribio ya dukani yenye gitaa moja na mwanamke ananong'ona, hiyo hata simu itaipiga ukaipenda. Chukua okestra ya taarab. Nadi Ikhwan Safaa ya tangu 1905, au Culture Musical Club, rekodi nzuri ya miaka ya karibuni. Fidla nne tano zinapiga sauti moja kwa pamoja, kwenye mashine mbovu zinakuwa ukuta mmoja wa kelele nyembamba, kwenye nzuri unasikia ni watu, huyu kachelewa kidogo, yule upinde wake mzito. Sikiliza qanuni, ina nyuzi zaidi ya 70 zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na zile tatu hazikubaliani sawa sawa kabisa, kuna mtetemo mdogo baina yao unaoifanya ing'are, mtetemo huo ukipotea qanuni inakuwa kinanda cha plastiki. Sikiliza akodiani ikiingia nyuma ya muimbaji, inamfunika au inamwachia nafasi? Khalafu pandisha sauti mpaka kiwango unachokipenda na usikilize kile kile kipande tena, kama kilichobadilika ni ukubwa tu, uko salama, kama fidla zimeanza kuuma masikio ujue tangi limeisha au chumba kimekataa.

Na rekodi za zamani mtu asizitarajie miujiza. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodiwa na HMV, kampuni ya santuri, zile santuri zinazunguka mara 78 kwa dakika, zina mkwaruzo na besi na za juu kabisa hazimo kwa sababu mitambo ya wakati ule haikuzichukua. Amplifaya ya milioni 30 haiwezi kukutolea kisichowekwa, itakutolea mkwaruzo kwa uaminifu mkubwa zaidi. Kuna wazee walizoea kuzisikia kwenye redio ya mbao yenye spika moja na wanakwambia ilikuwa tamu zaidi, na wako sahihi, redio ile ilikuwa inaficha.

Nimesema chumba kimekataa. Hichi kitu watu hawakitaki kukisikia kwa sababu hakiuzwi dukani. Nyumba za Mji Mkongwe kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, dari iko juu, na upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kama mita 3. Chumba cha mita 3 kinapenda sauti ya hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, mawimbi yake yanagonga ukuta na kurudi yanajikuta yanakubaliana, inavimba. Uzi wa A wa besi lile kubwa la kusimama la okestra ni hezi 55. Kwa hiyo kila mpigaji akigusa uzi ule chumba kizima kinasema "buuum" na noti za jirani yake hazisikiki, na mwenye nyumba anakwenda kubadilisha amplifaya. Badilisha mahali pa kochi, bwana. Sogeza spika kutoka ukutani nusu mita, usizitie kwenye kona, usikae umeegemea ukuta wa nyuma, hapo besi inavimba vibaya zaidi. Nyumba mpya za huko Mombasa (mtaa wa hapa Unguja, sio ya Kenya), Fuoni, Mwanakwerekwe tatizo lengine, tofali za saruji, taili chini, vioo, dari ya jipsamu, ukipiga makofi chumba kinakujibu. Zulia nene, mapazia mazito, kabati la vitabu, godoro limesimamishwa nyuma, yote haya yanafanya kazi ambayo amplifaya ya bei mara tatu haiwezi kuifanya. Mke hatopenda godoro, hilo nakuachieni wenyewe.

Umeme sasa, na hapa kisiwani ndo pa kuumizia mtu. Umeme wa Unguja unakuja chini ya bahari, waya wa mwanzo kutoka Ras Kiromoni huko bara mpaka Fumba uliwekwa 1980, na kila mtu mzima anakumbuka ulipoharibika Disemba 2009 tukakaa gizani mpaka Machi 2010, mji mzima majenereta. Waya mpya mkubwa wa megawati 100 ukaja 2013 kwa pesa za Marekani, na Pemba nao wakaungwa kutoka Tanga 2010, kabla ya hapo walikuwa wanategemea mashine za dizeli. Hali imekuwa nyengine lakini umeme bado unapanda na kushuka, jioni watu wote wakiwasha AC na mafriji taa zinafifia, na unapokatika ule wakati wa kurudi ndo mbaya, unarudi kwa kishindo. Kwenye amplifaya ya AB ya kawaida umeme ukishuka mpaka volti 190 basi wati za kilele zinashuka na klipingi inakuja mapema, hutounguza kitu. Ukipanda 260 kapasita zinasukumwa mpaka mwisho wa uwezo wao. Kwa hiyo stebilaiza nzuri, na nasema nzuri, yenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kurudisha umeme, sio ile ndogo ya friji inayotoa sauti ya kugonga gonga kila saa, hiyo inatia kelele kwenye muziki. Umeme ukikatika nenda ukachomoe plagi, subiri utulie ndo urudishe. Na jenereta ndogo ya barazani usiifungie kitu cha mamilioni, mawimbi yake machafu na volti yake inakimbia kila pampu ikiwaka.

Lengine la volti linaua vitu vingi zaidi kuliko ZECO, shirika letu la umeme. Vitu vya Japan vinakuja kwa wingi, na mtu anaona Accuphase au Luxman ya zamani kwenye kontena kwa bei ya kutupa, roho inamruka. Japan nyumbani kwao umeme ni volti 100. Sie volti 230. Ukichomeka hivo hivo mara nyingi utasikia "pu" na harufu, na hiyo harufu ndo muziki wa mwisho. Ya Marekani ni volti 120, yale yale. Ya Dubai na Uingereza iko sawa na yetu. Soma kibati cha nyuma kabla ya kuingiza plagi, kama ni ya 100 tafuta transfoma ya kushushia, na transfoma yenyewe iwe kubwa kuliko ulaji wa amplifaya angalau mara mbili, mana ikiwa ndogo umeliweka bomba jembamba mbele ya tangi kubwa. Wengine wanasema tumia ya volti 110 kwenye ya 100, haina neno. Mie naona ina neno, ni asilimia 10 juu maisha yake yote, tafuta ya 100.

Ule mvumo wa "mmmm" wenye kukaa chini ya muziki wakati mwingi siyo ugonjwa wa amplifaya. Pini ya tatu ya plagi kwenye nyumba nyingi za zamani haikufungwa popote, ardhi haipo, au ipo lakini TV imefungwa kwengine na king'amuzi kwengine na vyote vimeungwa kwa waya, umeme unazunguka baina yao. Chomoa waya mmoja mmoja mpaka mvumo uondoke utamjua mkosaji. Lakini usikate pini ya ardhi kama mafundi wengine wanavyoshauri, mvumo unaondoka kweli ila siku waya wa ndani ukigusa bodi la chuma wewe ndo utakuwa ardhi.

Hewa ya chumvi na unyevu tunaijua, inakula swichi na matundu ya waya, masika ndo zaidi. Kila miezi kadhaa chomoa waya za RCA, zile za plagi za duara za kuletea muziki, uzizungushe na uzirudishe, piga swichi na vitufe vyote mara nyingi, mkwaruzo unaondoka. Sisimizi na mjusi wanapenda joto, wanaingia kwenye matundu ya hewa wanakufa juu ya bodi wanaunganisha kisichounganishwa, weka wavu mwembamba lakini usizibe hewa. Kapasita kila joto likipanda digrii 10 umri wake unakaribia kukatika nusu, kwa hiyo usiitie kwenye kabati lililofungwa na usiweke king'amuzi juu yake, nshaona nyumba nyingi amplifaya imegeuka meza ya kuwekea chano cha kahawa.

Ukinunua iliyotumika nenda na mita ya fundi, ni kitu rahisi kipo madukani. Iwashe bila muziki, bila spika, pima volti za mfululizo (kwenye mita zimeandikwa DC) kwenye vituo vya spika, chanya na hasi, kila upande. Ikiwa chini ya volti 0.05 iko salama. Ikiwa inasoma sehemu za kumi za volti mwambie airejeshe kwa fundi kwanza. Ikisoma volti nzima ondoka. Na ukiwasha sikiliza ile "tak" baada ya sekunde chache, hiyo ni relei ya ulinzi inaunga spika baada ya kuhakikisha ndani pamekaa sawa, za ghali nyingi wanayo. Ikiwa mtu kaiondoa au kaifunga moja kwa moja kwa sababu "ilikuwa inasumbua," siku transista itakapokufa volti 40 zote zitaingia kwenye koili ya besi na spika itaungua kabla hujafika kwenye swichi.